Kuotesha, PCR, GeneXpert au LAMP: ipi ikufae ukitafuta bakteria hatari hapa Tanga

Wadau wa Tanga, hii naandika kwa ajili ya watu wanaouliza swali lilelile kwa sura tofauti tofauti. Mwenye kituo cha kukusanya maziwa Muheza anataka kujua atumie kipimo gani cha brusela (bakteria wa ng'ombe anayempata mtu kupitia maziwa mabichi), dada anayenunua pweza pale soko la samaki la Deep Sea kapata mteja wa nje anayetaka cheti cha salmonela (bakteria wa chakula anayeharisha watu), fundi maabara wa kituo cha afya kaambiwa kuna mfadhili anatoa mashine moja achague, na jamaa wa Mikanjuni kachimba kisima anataka kuuzia majirani maji. Wote wameshasikia kwamba siku hizi bakteria anatafutwa kwa vinasaba, majibu saa moja au mbili badala ya siku tatu, na wote wanaishia "sasa ipi ndo nzuri?" Mi siwezi kujibu hilo mpaka uniambie jibu likitoka kesho asubuhi utafanya nalo nini, kumpa mgonjwa dawa, kumwaga maziwa, kufunga kisima au kupakia kontena. Hapo ndo vipimo vinapoachana.

Kwanza tuelewane kwenye hii ya vinasaba maana inachanganya watu. Kila bakteria ana DNA yake, ndo hivyo vinasaba vyenyewe, na DNA imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, A inashikana na T na C inashikana na G, basi. Ukitengenezewa kiwandani kipande kifupi cha DNA chenye herufi kama 20 hivi (sisi tunakiita praima) ukakiweka kwenye sampuli, kitaenda kujibandika pale kinapokuta mwenzie wa kushikana nae herufi kwa herufi. Herufi 20 zinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni moja, kwa hiyo kipande kikichaguliwa vizuri si rahisi kikajibandika kwa bakteria mwingine kwa bahati mbaya. Kwa kipindupindu wanalenga jeni ya ctxA, ambayo ni sehemu ya maagizo ya kutengeneza ile sumu inayomfanya mtu aharishe maji matupu. Kwa salmonela wanalenga invA inayomsaidia kupenya kwenye ukuta wa utumbo. Kwa kifua kikuu vipimo vingi vinalenga IS6110, kipande cha DNA ambacho mara nyingi kina nakala nyingi ndani ya bakteria mmoja ndo maana kinaonekana hata kama bakteria ni wachache. Kwa hiyo PCR, GeneXpert na LAMP ni ndugu wa damu, zote zinatafuta maandishi ya bakteria, na maandishi yanaweza kubaki hata mwenyewe akishakufa. Kuotesha kunamtafuta bakteria mwenyewe akiwa hai anazaana. Hiyo tofauti ishike vizuri.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni swali lenyewe. Unataka kujua yupo au hayupo? Yuko hai na ni wangapi? Au dawa gani inamuua? Haya ni maswali matatu tofauti na watu wengi wanalipia jibu la moja wakati wanahitaji la jingine. Cha pili ni muda, ila muda wa kweli, kuanzia sampuli inatoka kwa mgonjwa au kwenye ndoo mpaka karatasi ya majibu inafika mkononi, sio ule muda wa mashine kuzunguka ambao wauzaji wanautaja. Cha tatu ni kipimo kinakwama wapi, maana vyote vina pa kukwama. Cha nne ni mahitaji, yaani umeme, baridi, chumba, mtu, pamoja na gharama ya kuendesha na kama anayepokea jibu atalikubali. Cha mwisho ni kinamfaa nani. Nimevifuata kwa kila kipimo kwa mpangilio huohuo, ingawa kuna sehemu nitakaa zaidi kwa sababu ndo kwenye mambo.

Kuotesha

Unachukua sampuli, unaipaka kwenye chakula cha bakteria kilichogandishwa kwenye sahani, unaweka kwenye inkyubeta (kabati la joto) nyuzi 37, kesho unaangalia kilichoota. Ni njia ya tangu enzi za Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, zile sahani zinaitwa kwa jina la Julius Petri aliyezieleza mwaka 1887, na kutumia agari (kile kinachogandisha chakula cha bakteria) lilikuwa wazo la Fanny Hesse ambaye mume wake alifanya kazi na Koch, maana jelatini waliyokuwa wanatumia kabla inayeyuka kwenye joto la mwili (kwa Tanga ya Februari ingeyeyukia mezani kabisa). Agari inatoka kwenye mwani, ila sio huu wanaolima kina mama wa Mkinga na Pangani, huu wetu unatoa karajinani ambayo ni kitu kingine, nalisema hili kwa sababu watu wanauliza.

Inajibu nini: yuko hai, ni wangapi, na dawa gani inamuua. Hicho cha mwisho ndo nguvu yake kubwa. Vibrio wa kipindupindu kwenye chakula cha TCBS anatoka rangi ya njano, yule ndugu yake wa kwenye samaki na kamba anayeharisha watu anatoka kijani, unachukua kile kilichoota unakiweka tena na vidonge vidogo vya antibaiotiki, kesho yake unaona dawa ipi imeacha duara safi kuizunguka na ipi bakteria kaota mpaka kwenye ukingo wa kidonge. Kipimo cha vinasaba kinaweza kukwambia jeni fulani ya usugu ipo, lakini inabidi iwe ni jeni iliyokwisha kujulikana na kuwekwa kwenye kipimo. Kuotesha hakujali usugu umetokea wapi, unaona kwa macho dawa imeshindwa.

Muda: E. coli kwenye maji saa 18 mpaka 24. Salmonela kwenye chakula siku tatu mpaka tano ukifuata hatua zote. Kifua kikuu hapo kaa chini, kwenye chakula cha bakteria cha majimaji unasubiri mpaka siku 42 kabla ya kusema hakuna kitu, na kile kigumu wiki nane.

Inapokwama: mgonjwa akishameza antibiotiki ya duka la dawa kabla hajaja, na kwetu karibu kila mtu anameza kwanza ndo anakuja, bakteria wanaweza wasiote kabisa wakati ugonjwa bado upo. Vibrio wa baharini na mtoni nao wana tabia ya kuingia hali ya kulala, wako hai lakini hawaoti kwenye sahani, unaandika "hakuna" na wapo. Halafu kuna brusela. Huyu asioteshwe kwenye maabara ya kawaida jamani, anaruka hewani, ni mmoja wa bakteria wanaoongoza duniani kwa kuwaambukiza wafanyakazi wa maabara, anataka maabara yenye ulinzi wa ngazi ya juu. Nalisema kwa uzito maana najua vijana wanaojaribu kwa hamu ya kujifunza.

Mahitaji: otoklevu (chombo cha mvuke cha kuua vijidudu) inayofika nyuzi 121, inkyubeta, vyakula vya bakteria ambavyo vingi ni unga unakaa kwenye joto la kawaida, na mtu mwenye jicho lililozoea. Umeme ukikatika saa moja kazi haifi, inkyubeta ikiwa imefungwa inabaki na joto. Gharama ya kila sampuli ni ndogo, inayoliwa ni muda wa mtu. Na kukubalika hakuna shida, viwango vingi vya maji na chakula vimeandikwa kwa hesabu ya bakteria walioota.

Inamfaa: maabara ya maji, hospitali inayotaka kujua dawa, mwenye chakula anayetakiwa kutoa hesabu.

PCR

Hapa mashine inapasha na kupoza. Joto likifika nyuzi kama 95, kamba mbili za DNA zilizoshikana zinaachana, ikishuka 55 au 60 praima zinajibandika, ikipanda 72 kimeng'enya kinanakili, na kila mzunguko nakala zinakuwa mara mbili. Mizunguko 30 kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya chenyewe kinavumilia joto lile kwa sababu asili yake ni bakteria anayeishi kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone kule Marekani, na wazo la kunakili hivi alilipata Kary Mullis mwaka 1983, likampa Nobel mwaka 1993. Ile ya kisasa inatoa mwanga kadri nakala zinavyoongezeka kwa hiyo unaona jibu likija kwenye kompyuta huku mashine inaendelea.

Inajibu nini: maandishi yake yapo au hayapo, na kwa ile ya kisasa unakadiria mengi kiasi gani. Uzuri wake praima unaagiza unazotaka, leo kipindupindu, kesho lepto (bakteria wa mkojo wa panya), keshokutwa brusela ambaye nimesema asioteshwe. Kwenye PCR bakteria anauliwa mapema wakati wa kutoa DNA, kwa hiyo hatari kwa mfanyakazi inapungua sana, ingawa ile sampuli mbichi bado uishike kwa adabu.

Muda: mashine inazunguka saa moja na nusu mpaka mawili, ongeza kutoa DNA saa nyingine. Lakini kwa chakula hapa ndo watu wanauziwa nusu ya ukweli, ngoja nipige hesabu. Kanuni ya salmonela ni asiwepo kwenye gramu 25. Unachukua gramu 25 za pweza unachanganya na mililita 225 za maji ya lishe, jumla chukulia mililita 250. Unatoa DNA kwenye mililita moja tu, unapata labda maikrolita 100, na kwenye PCR unaweka maikrolita 5. Maana yake umepima mililita 0.05 kati ya 250, sehemu moja kwa elfu tano. Kama kwenye kile kipande cha pweza kulikuwa na salmonela mmoja au kumi, karibu hakika hutampata, na mashine itakwambia kwa ujasiri kabisa "hakuna". Ndo maana lazima kwanza ule mchanganyiko ulale usiku kucha kwenye nyuzi 37, saa 18 hivi, salmonela wazaane wawe wengi, ndipo PCR ifanyike. Kwa hiyo PCR ya chakula ni kesho mchana, sio leo jioni. Bado ni afadhali kuliko siku tano, kontena linasubiri siku moja badala ya wiki, lakini anayekwambia saa mbili muulize usiku wa kuzaanisha kauweka wapi.

Inapokwama: sehemu tatu. Moja, wafu. Maji yaliyotiwa klorini, maziwa yaliyochemshwa, mgonjwa aliyemaliza dawa, DNA inaweza kubaki ikasomeka wakati bakteria wote wamekufa. Kuna rangi maalumu inayoziba DNA ya waliokufa isinakiliwe, inasaidia ila sio kinga kamili. Mbili, vizuizi. Mafuta na kalsiamu ya kwenye maziwa, damu, tope la mto wenye majani yaliyooza, vyote vinakifunga kimeng'enya mdomo, kipimo kinatoka hasi kumbe hakikufanya kazi. Dawa yake ni kuweka kipimo cha ndani, yaani DNA unayoitia mwenyewe ya kukagua kama kipimo kinafanya kazi, kinachotakiwa kuwaka kila mara, kisipowaka jibu ni batili, sio hasi. Tatu, uchafuzi. Mabilioni ya nakala ukifungua mirija yanaruka, yanakaa mezani, kwenye koti, kwenye pipeti, na wiki ijayo kila mgonjwa ana kipindupindu. Chumba cha kuchanganya, cha kutoa DNA na cha mashine viwe mbalimbali, na mtu atembee upande mmoja tu, asirudi. Nimeona sehemu wameweka mashine ya PCR kwenye kona ya chumba cha mapokezi ya sampuli na moyo ukaniuma, mashine nzuri vile na majibu yake hayaaminiki.

Mahitaji: umeme usiokatika, friza ya nyuzi hasi 20 kwa vitendanishi (kemikali za kipimo), vyumba nilivyosema, mtu aliyefundishwa hasa na anayebaki kazini, maana akihama mashine inafunikwa kitambaa. Bei ya mashine sio tatizo kubwa kama vitendanishi vinavyoisha muda na matengenezo ya kila mwaka. Kukubalika, kwa chakula cha nje wanunuzi wengi wanaikubali kama mchujo wa kwanza, ikitoka chanya inathibitishwa kwa kuotesha.

Inamfaa: maabara ya mkoa, ya utafiti, ya mifugo, au kiwanda chenye sampuli nyingi kila siku.

GeneXpert

Hii ni PCR iliyofungiwa ndani ya katriji, kikasha cha plastiki cha kutumia mara moja. Makohozi unayachanganya na dawa yake, unasubiri dakika 15, unamimina kwenye katriji, unaingiza kwenye mashine, yenyewe inasafisha, inatoa DNA, inanakili na kusoma. Hakuna kufungua mirija, kwa hiyo ule uchafuzi niliousema unapungua sana. WHO waliipitisha kwa kifua kikuu mwishoni mwa mwaka 2010 na toleo la Ultra likaja mwaka 2017.

Inajibu nini: bakteria wa kifua kikuu yupo au hayupo, na kama ana usugu wa rifampisini (moja ya dawa kuu za kifua kikuu), vyote kwa mkupuo. Usugu unaonekana kwa sababu unasababishwa na mabadiliko kwenye sehemu ndogo ya jeni moja iitwayo rpoB, wakaiwekea vipande vya DNA vya kuikagua. Darubini inahitaji bakteria kama 5,000 mpaka 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndo waonekane, katriji ya kwanza iliona kuanzia kama 130 na ile ya Ultra inaenda mpaka kama 16. Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI au mtoto, ambao makohozi yao yana bakteria wachache, hiyo tofauti ni uhai wa mtu.

Muda: chini ya saa mbili, na huu ni muda wa kweli, mgonjwa anaweza kusubiri kwenye benchi.

Inapokwama: wafu wale wale. Usiitumie kufuatilia kama mgonjwa kapona, aliyemaliza dawa anaweza kuendelea kutoka chanya miezi mingi, hapo rudi kwenye darubini na kuotesha. Ultra nayo kwa kuwa inaona kidogo sana ina jibu la "chembe tu", kwa mtu aliyewahi kuugua miaka ya karibuni linahitaji daktari afikirie, sio fundi aandike chanya akaenda zake. Na katriji inapima kile tu kilichowekwa, huwezi kuigeuza ikapima pweza.

Mahitaji: wanasema mtu yeyote anaweza kuiendesha, na kwa mikono ni kweli, lakini mashine inataka chumba kisichozidi nyuzi 30 na katriji zisizidi 28. Sasa wewe na mimi tunaijua Tanga kuanzia Desemba mpaka Machi. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi na betri ya kushikilia umeme unapata makosa ya mashine moja baada ya jingine na kila kosa ni katriji imekwenda. Kila mwaka inataka kukaguliwa usahihi. Mgonjwa wa kifua kikuu kwenye vituo vya serikali halipi, kwa hiyo gharama ni ya mfumo, na kukubalika hakuna mjadala.

Inamfaa: hospitali na kituo cha afya chenye wagonjwa wa kifua wengi na umeme wa uhakika.

LAMP

Wajapani waliieleza mwaka 2000. Badala ya kupasha na kupoza, joto ni moja tu, nyuzi 60 mpaka 65, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kimeng'enya chake kinazifungua nyuzi za DNA chenyewe huku kinanakili. Praima ni nne mpaka sita zinazokamata sehemu sita mpaka nane za jeni moja, hivyo kukosea bakteria kunakuwa kugumu.

Inajibu nini: yupo au hayupo, basi. Kwa kifua kikuu WHO waliikubali mwaka 2016 kama mbadala wa darubini, ila haioni usugu wa rifampisini, kwa hiyo mgonjwa mwenye hatari ya usugu mpeleke kwenye GeneXpert. Kuna zilizotengenezwa kwa salmonela na lejionela (bakteria wa kwenye maji anayeleta homa ya mapafu) pia.

Muda: chini ya saa moja kwenye kifaa, na jibu unaliona kwa macho, mirija inageuka rangi kutoka pinki kwenda njano au inakuwa na ukungu mweupe, inategemea aina. Kwa chakula ule usiku wa kuzaanisha uko palepale.

Inapokwama: inatengeneza DNA nyingi kuliko hata PCR, ukifungua mrija mmoja baada ya kipimo umejiharibia chumba. Mirija ikishafungwa isifunguliwe tena, itupwe imefungwa. Rangi nayo inasumbua, kuna ile ya katikati ambayo watu wawili wanaisoma tofauti, na sampuli yenye uchachu kama maziwa yaliyoanza kuganda inaweza kugeuza rangi yenyewe bila bakteria, kwa zile zinazotegemea uchachu. Kutunga praima zake mwenyewe ni kazi ngumu, usijidanganye, nunua zilizothibitishwa.

Mahitaji: hapa ndo ninapoipendea. Kifaa cha kupasha tu, kinaendeshwa hata na betri, vitendanishi vingine vimekaushwa havihitaji friza, na inavumilia vizuizi vya kwenye sampuli kuliko PCR. Ukiwa Lushoto milimani au kisiwani inaeleweka.

Inamfaa: kituo kisicho na kiyoyozi, timu inayotembea, uchunguzi wa awali shambani au ufukweni.

Vipya vinavyokuja

Kuna njia ambayo DNA yenyewe ndo inamkamata bakteria. Aptama ni kipande cha DNA kinachojikunja kikapata umbo la kushika kitu fulani kwenye ganda la bakteria, vilianza kutengenezwa mwaka 1990. DNAzaimu ni DNA inayofanya kazi kama kimeng'enya, ya kwanza ilipatikana mwaka 1994, na mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha McMaster kule Kanada walionyesha moja inayowaka ikikutana na vitu anavyotoa E. coli. Uzuri wa hizi ni kwamba nyingine zinamjibu bakteria bila kutoa DNA yake wala kunakili, mtu anaota ndoto ya kuwa na kipande cha karatasi cha kuchovya kwenye maji ya kisima. Na vipimo vya CRISPR, vinavyotumia kimeng'enya kinachotafuta maandishi fulani ya DNA na kukata, navyo vipo toka karibu 2017. Mimi nazifuatilia kwa matumaini makubwa, lakini kwa uamuzi wa mwaka huu hapa Tanga usiweke hela ya kituo huko, subiri mpaka zipitishwe na zipatikane dukani.

Sasa wewe uchague nini

Kama ni kisima, otesha. Kanuni ya WHO ni E. coli asionekane kwenye mililita 100, maji yanachujwa, yanaoteshwa, kesho una hesabu. PCR itakuchanganya, hasa ukishatia klorini, itaendelea kuona waliokufa wakati maji yako ni salama. Na kabla ya kipimo angalia choo cha jirani kiko umbali gani na mvua za masika zinatiririkia wapi, kipimo cha kiangazi peke yake hakitoshi.

Kama ni maziwa, kila ndoo inayoingia haihitaji vinasaba, kile kipimo cha spiriti, laktomita (ya kupima uzito wa maziwa) na kunusa vinatosha mlangoni. Ukitaka kujua kama kundi la ng'ombe lina brusela anza na kipimo cha kingamwili kwenye damu au maziwa, vyenye shaka ndo vipelekwe PCR kwenye maabara ya mifugo, kuotesha usiguse. Na kama unataka kujua maziwa uliyopasha nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15 yameiva sawasawa, kipimo chako ni cha fosfatasi (kimeng'enya cha maziwa kinachoharibiwa na joto hilo), ambacho sio cha vinasaba wala kuotesha, kwa sababu PCR itaona brusela waliokufa na utamwaga maziwa mazuri ya watu.

Kama ni pweza au kamba wa kwenda nje, muulize mnunuzi kwanza anakubali njia ipi, mwambie aandike. Ukiwa na mizigo mingi kwa wiki, zaanisha usiku, PCR au LAMP kesho yake, zile hasi zinaondoka na chanya zinaoteshwa kuthibitisha. Ukiwa na mzigo mmoja kwa mwezi peleka sampuli kwenye maabara yenye ithibati, usinunue mashine.

Kama ni kipindupindu kimeingia mtaani, usisubiri maabara, mtu anayeharisha maji ya mchele anyweshwe maji ya chumvichumvi na sukari (ORS) na apelekwe kituoni sasa hivi. Kipimo cha haraka cha kuchovya kinasaidia kugundua kwamba mlipuko umeanza, lakini wagonjwa wa mwanzo sampuli zao ziwekwe kwenye chakula cha kusafirishia, sio kwenye kichupa kikavu, ziende zikaoteshwe ijulikane dawa gani inafanya kazi mwaka huu. PCR ya ctxA itathibitisha kwamba ni yule mwenye sumu, na itasaidia pale mgonjwa alipokwisha meza antibaiotiki. Mlipuko ukishathibitishwa hakuna haja ya kupima kila mgonjwa.

Kama ni kifua, GeneXpert ukiwa na baridi na umeme, LAMP usipokuwa navyo na usugu sio wasiwasi, kuotesha kwa aliye kwenye dawa ambaye haponi.

Na kwa fundi maabara aliyeambiwa achague mashine moja, usijibu kwa jina la mashine, mjibu mfadhili kwa maswali: vitendanishi nani atalipa baada ya mwaka wa pili, vinatoka wapi na vinakaa bandarini kwenye joto siku ngapi, fundi wa matengenezo anakaa mji gani, na kiyoyozi na betri vimo kwenye bajeti au havimo. Akiwa na majibu na wagonjwa wako wengi ni wa kifua chukua GeneXpert, ukiwa na vyumba vitatu na watu wawili waliosoma chukua PCR. Akiwa hana jibu la vitendanishi, muombe otoklevu mpya na inkyubeta, hizo utazitumia kila siku ya kazi hata mradi wake ukiisha.